Mbona mimi sijawahi kuhojiwa?

Kila ripoti ya utafiti ikitoka, iwe ya afya au matumizi ya kaya au maoni ya wananchi, koment za kwanza huwa ni hizi: mbona mimi sijahojiwa, wala jirani yangu, wala mtu yeyote ninaemjua, sasa hizo asilimia wamezitoa wapi? Ni swali la haki kabisa na linastahili kujibiwa vizuri, sio mtu kuambiwa tu "wataalam wamesema".

Tuanze na ukubwa wenyewe. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima. Utafiti wa afya wa mwaka huohuo, ule wa idadi ya watu na viashiria vya malaria, ulipanga kuchagua kaya 16,354, yani hata kaya moja katika kila 800 haifiki, kwaiyo kutohojiwa ndo hali ya kawaida, aliyehojiwa ndo wa ajabu. Na bado kutoka humo tukaambiwa watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 30, wakati 2015-16 walikuwa 34. Inawezekanaje?

Mfanyabiashara wa nafaka akitaka kujua mchele uliomo kwenye gunia hamwagi gunia lote chini, anachoma bambo anatoa punje kiganjani anaangalia chenga na mawe. Na bambo la gunia la kilo 100 ni lilelile la gunia la kilo 50. Ila akichoma juu tu kila siku, muuzaji mjanja atamuwekea mchele safi juu na taka chini, na hapo hata achome mara 1,000 bado atadanganyika. Mambo yote mawili ya sampuli yamo humo: mangapi umechukua, na umeyachukua wapi.

Hilo la mangapi lina hesabu yake na sio ngumu. Chukua uwiano ulioupata, zidisha na kilichobaki (yani 1 toa huo uwiano), gawanya kwa idadi ya waliohojiwa, tafuta kipeuo cha pili chake, zidisha kwa 1.96. Umehoji watu 1,200 na nusu wamesema ndiyo: 0.5 mara 0.5 gawanya 1,200, kipeuo chake kama 0.0144, mara 1.96 unapata asilimia 2.8. Maana yake ukirudia utafiti wa namna hiyo mara nyingi sana, karibu mara 95 katika 100 jibu lako halitakuwa mbali na ukweli zaidi ya hiyo 2.8, juu au chini. Ukitaka ibaki nusu, 1.4, hauhitaji watu 2,400, unahitaji 4,800. Ndo mana tafiti ni ghali na ndo mana hazikui hovyo hovyo.

Sasa angalia hiyo hesabu tena, idadi ya watu wa nchi iko wapi? Haipo! Watu 1,200 wanakupa 2.8 kwa nchi ya milioni 61 na wanakupa hiyohiyo 2.8 kwa Zanzibar yenye watu 1,889,773. Hata ukienda kata moja yenye watu 10,000, ukifanya marekebisho ya udogo wake inashuka mpaka 2.7 tu basi. Hili ndilo watu wengi hawalikubali kirahisi, na ndilo linaloeleza kwanini Zanzibar, ambayo ni kama asilimia 3 ya watu wote, kwenye tafiti za taifa inapewa kaya nyingi kuliko fungu lake. Wangegawa kwa asilimia 3 tu, wangepata kaya mia nne na kitu kwa mikoa mitano, Pemba na Unguja pamoja, na humo hauwezi kusema kitu cha maana kuhusu mkoa mmoja mmoja.

Ila ukishawazidisha Wazanzibari kwenye sampuli lazima uwarudishe kwenye uzito wao unapotoa namba ya taifa. Mfano wa kutunga: umehoji 2,000 Bara na 1,000 Zanzibar, Bara asilimia 30 wana hali fulani, Zanzibar 18. Ukijumlisha kibubusa unapata 26. Ukipima kwa uzito, 97 kwa 3, unapata 29.6. Tofauti kubwa hiyo, na nimeshaona watu wanapakua data wanapiga wastani moja kwa moja bila kugusa safu ya uzito, alafu wanashangaa mbona namba yao haifanani na ya ripoti.

Na pia hatuhojiwi mmoja mmoja kwa kurushwa nchi nzima. Kwanza yanachaguliwa maeneo ya kuhesabia watu, huo wa 2022 yalikuwa 629, alafu kila eneo kaya zote zinaorodheshwa upya na zinachaguliwa 26. Inapunguza nauli na siku, lakini watu wa mtaa mmoja wanafanana, wanakunywa maji ya kisima kimoja, wanakwenda zahanati moja, kwaiyo watu 1,200 wa namna hii wanaweza kuwa na thamani ya 600 tu waliotawanyika na ile 2.8 yako inakuwa 4.

Kuhusu umechukua wapi, hapa mimi huwa nakuwa mkali. Mdadisi amefika na kishkwambi chake, kaya namba 17 mlango umefungwa, jirani yupo barazani anasema karibu kwangu mwanangu, mimi nitakujibu yote. Mtihani mkubwa, jua kali na mjumbe nae amechoka kuzunguka. Lakini haruhusiwi kubadilisha, anatakiwa arudi tena na tena, kwasababu wanaokutwa nyumbani saa nne asubuhi sio sawa na walioko sokoni, shambani au kwenye daladala. Kosa hilo haliko kwenye hesabu ya 1.96, hakuna fomula inayolifuta, na kura ya kwenye grupu la WhatsApp hata ikipigwa na watu laki moja ni kuchoma juu ya gunia tu.

Kuna namba nyingine zinahitaji uangalifu zaidi. Vifo vya uzazi: 2010 vilikuwa 454 kwa kila vizazi hai 100,000, 2015-16 vikawa 556, watu wakalia kwamba vimepanda. Lakini ile 454 ukweli wake ungeweza kuwa popote kati ya 353 na 556, na ile 556 kati ya 446 na 666. Zinapishana, hauwezi kusimama ukasema vimepanda. Ni kwasababu vifo hivi, namshukuru Mungu, ni vichache kwenye sampuli, na vinapatikana kwa kuwauliza wanawake habari za dada zao wa tumbo moja kwa miaka kadhaa ya nyuma. Iliposhuka hadi 104 mwaka 2022 hapo ni habari nyingine, hiyo iko chini mno ya 446.

Wastani nao una shida yake. Kaya tisa zinatumia laki nne kwa mwezi na moja milioni sita, wastani ni 960,000, namba ambayo hakuna hata kaya moja inayoikaribia. Kwa matumizi na kipato tafuta kaya ya katikati pia, hapo ni 400,000.

Waandishi wa habari nawaombeni sana: mwishoni mwa hizi ripoti za afya kuna kiambatisho cha makosa ya sampuli, viashiria muhimu vina kiwango cha chini na cha juu, mjini, vijijini, Bara na Zanzibar. Nakilini na hizo namba mbili mnapoandika kwamba kitu kimepanda au kimeshuka.