Saa sita usiku kwenye redio koli

Kuna wakati nilikuwa nakaa kontroli usiku, kampuni moja ya walinzi hapa Kampala, na kila saa kamili askari wote lazima waripoti kwa redio. Saa sita ikifika tu unasikia "Kontroli, kontro" halafu krrrrr, sauti tatu zimepandana, hushiki kitu. Asiyejibiwa anabonyeza tena hapo hapo, mwenzake naye hivyo hivyo, wanagongana upya, dakika kumi zinapita sijui nani yuko salama. Iliniuma sana, kuna mzee alikuwa analinda stoo Nateete peke yake.

Mtu atasema si wasikilize kwanza? Wanasikiliza! Ila Kampala ni vilima, wa Ntinda hamsikii wa Nateete, antena yetu ya Muyenga ndiyo inawasikia wote, kwa hiyo kila mmoja anaona chaneli iko wazi.

Baadaye nikasoma habari za ALOHA, mtandao wa kuunganisha kompyuta kwa redio ambao Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliuwasha 1971, nikaona hawa ni sisi kabisa. Mashine za visiwani hazisikiani, kila moja inatuma ikitaka, isipojibiwa inasubiri muda wa kubahatisha ndio irudie. Ukikamua mfumo huo mpaka mwisho unapitisha asilimia 18.4 tu ya uwezo wa chaneli, maana ripoti ya sekunde 5 inaharibiwa na yeyote aliyeanza sekunde 5 kabla au sekunde 5 baada. 1972 Lawrence Roberts akapendekeza muda ukatwe vipande sawa, yaani sloti, na anayetuma aanze mwanzo wa sloti tu, hatari ikapungua nusu, kinachopita kikafika asilimia 36.8. (Simu ya 2G ikiomba nafasi kwa mnara inatumia njia hiyo hiyo.)

Sasa piga hesabu, chaneli yetu inabeba ripoti 12 kwa dakika. Wakijaribu ovyo jumla ya mara 6 kwa dakika, zinafika kama mbili. Wakijaribu mara 24, hata moja kwa dakika haifiki! Bidii yao ndiyo ilikuwa inaua chaneli.

Nikaomba kila kituo kipewe dakika yake, na ikitokea dharura asiyejibiwa atoe noti yoyote mfukoni, aangalie tarakimu ya mwisho ya namba ya mfululizo ya noti hiyo, azidishe kwa tano, asubiri sekunde hizo, akirudia achukue noti nyingine. Usiku mmoja umeme ukakatika mji mzima, wote wakabonyeza, krrrrr, halafu kimya. Kwenye sekunde ya 35 nikamsikia mzee, "Kontroli, Nateete hapa, kote salama."