Tanga la mashua yangu: ukungu na madoa ya kutu

Tanga lililala stoo hapa Moshi masika yote, na nilipolifungua lilikuwa na vidoa vyeusi kote upande wa chini, hasa kwenye mikunjo. Ni la poliesta, ile inayouzwa kwa jina la Dacron. Nilinunua mashua Tanga mjini ili niitumie bwawa la Nyumba ya Mungu.

Ukungu hauli poliesta. Unakula vumbi na mafuta ya mikono yaliyonasa kwenye kitambaa, na chumvi ya bahari iliyobakia huvuta unyevu wa hewa, hivyo tanga halikauki kabisa. La pamba lingekuwa limeshaanza kuoza. Nikaanza kwa kulipangusa likiwa kavu, nje, nimeziba pua na mdomo, kisha nikalitandaza kwenye nyasi na kulisuuza kwa maji baridi ya bomba pande zote mbili. Niliendelea mpaka maji yanayochuruzika pembeni, nikiyaonja, hayana chumvi. Ndipo nikatumia sabuni ya maji na brashi laini.

Fundi anayeshona mahema ya wapanda mlima alipita akaona ndoo ya jiki. "Kaka, hiyo itakuulia kitambaa!" Kwa mahema yake yuko sahihi kabisa: jiki hudhoofisha nailoni na kubabua ule utando wa ndani unaozuia mvua. Poliesta huistahimili ikichanganywa na maji mengi. Nilitia sehemu moja ya jiki kwa kumi za maji, nikapaka kwenye vidoa tu, nikaacha kwa dakika chache, nikasuuza sana. Harufu imeisha na vidoa vingi vimefifia. Vilivyobaki ni vya kijivu, na nimeamua vibaki. Kitambaa hiki kina risini, yaani gundi ngumu ya kiwandani, inayokipa ugumu wake, na ugumu huo ndio unaolifanya tanga lishike umbo upepo ukivuma. Ukisugua kwa nguvu, ukitumia maji ya moto au mashine ya kufulia, unapata tanga jeupe lililolegea kama shuka. Mimi nataka tanga linaloivuta mashua.

Madoa ya kutu yapo pembeni, palipokuwa na pini ya chuma. Hayo jiki haiyatoi. Niliyaacha mpaka tanga lisuuzwe likauke kabisa, kwa sababu jiki ikikutana na limau au siki inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaumiza mapafu. Baada ya hapo nilikamulia limau na chumvi, nikaweka juani kidogo, nikasuuza tena. Rangi ya kahawia imebaki hafifu sana. Pini mpya nitaweka ya chuma kisichoshika kutu.

Kukausha ndiko kugumu. Mwezi huu wa saba mawingu hayaondoki mlimani na manyunyu yanakuja bila taarifa, kwa hiyo nimelitundika barazani, limefungwa pembe zote lisipigepige, maana kupigapiga kunavunja ile risini. Jua kali la siku nzima nalo huchosha poliesta.

Sitalikunja tena. Nitalizungusha kwenye bomba la plastiki na kuliweka juu ya kichanja, mbali na sakafu ya saruji. Kilichobaki ni mshono wa upindo wa nyuma, ambao umeachia karibu na mfuko wa fito zinazonyoosha tanga. Fundi amekubali kuushona, ila uzi wa poliesta nitafute mwenyewe.