Redio ya Njano

Mwezi Agosti 2010, wiki chache baada ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini kumalizika, mjomba wangu alinipigia simu akaniambia nifunge kibanda changu cha kutengeneza redio pale Kirumba, mjini Mwanza, nibebe vifaa vyangu vyote vya kazi, nikakae naye Kayenze, kando ya Ziwa Viktoria, mpaka boti yake iwe tayari kurudi majini. Boti hiyo ilikuwa ya fibaglasi, yenye urefu wa mita tisa na injini mbili za kupachika, na aliinunua kutoka kwa wageni waliokuwa wamemaliza shughuli zao ziwani na kurudi kwao. Ilibeba walimu, wauguzi na wafanyabiashara wa dagaa kati ya Kayenze na visiwa vya upande wa Ukerewe. Wakati huo ilikuwa imepandishwa nchi kavu ili ipakwe rangi, na mjomba alitaka kila kitu cha usalama kilichokuwamo kikaguliwe na mtu wa damu yake, kwa sababu mara ya mwisho alimlipa fundi mmoja wa mjini, naye akamrudishia vifaa vyote siku hiyohiyo vikiwa na karatasi mpya zenye tarehe mpya na vumbi lilelile la zamani.

Mjomba hakuwa mtu wa kufanya mzaha na maji. Mdogo wake wa kike, ambaye kwangu alikuwa mama mdogo, alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Mimi nilikuwa darasa la sita. Tangu mwaka ule, kila inapofika tarehe 21 Mei, mjomba hakuwasha injini hata kama abiria wangemlipa mara mbili, na alipoanza kumiliki chombo chake mwenyewe hakumruhusu mtu yeyote, awe mkubwa kiasi gani, kukaa ndani bila kuvaa jaketi okozi. Nayasema haya ili ieleweke kwamba makosa niliyoyakuta hayakutokana na uzembe.

Tulianza na majaketi, yaliyokuwa 14. Yote yalionekana mazima kwa nje, lakini niliposhika la kwanza nikahisi sponji yake imekuwa nyembamba na ngumu, kwa sababu abiria walikuwa na mazoea ya kuyakalia ufukweni kabla ya kuyavaa na kupanda, na sponji inayokaliwa kila siku hupoteza hewa iliyomo, na hewa hiyo ndiyo inayomwinua mtu. Jaketi la mtu mzima la daraja la nyutoni 100 linapaswa kubeba takribani kilo 10 ndani ya maji. Basi tuliazima mwaloni jiwe la chuma la kilo 10, lile la kupimia sangara, tukawa tunalifunga kwenye jaketi moja baada ya jingine na kulishusha kwenye maji ya kina cha kifua, mjomba akiwa amesimama ndani na kaptula yake ya khaki. Chuma kikiwa majini huwa chepesi kidogo kuliko kikiwa nchi kavu, kwa hiyo kipimo chetu kilikuwa cha huruma. Hata hivyo majaketi matano yalizama. La tano lilishuka polepole sana, likazunguka mara moja, kisha utepe wake mweupe ukapotea kwenye maji ya kijani. Mjomba alibaki amelitazama pale lilipopotelea kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika ili kuvuta kamba.

Yalikuwapo pia majaketi mawili ya kujijaza yenyewe, ambayo yeye na msaidizi wake walivaa kiunoni. Ndani ya kila moja kulikuwa na mtungi mdogo wa chuma wenye gramu 33 za gesi ya kaboni dayoksaidi, na kidonge kinachoyeyuka kikilowa ili sindano itoboe mtungi huo. Huwezi kujua kwa macho kama gesi ingali ndani. Unaujua kwa kuupima uzito na kulinganisha na namba iliyochongwa kwenye mtungi wenyewe. Mizani ya dagaa haioni gramu, kwa hiyo siku iliyofuata nilipanda daladala hadi mjini, nikamwendea sonara mmoja ambaye redio yake niliwahi kuitengeneza, naye akanipimia mitungi yote miwili kwenye mizani yake ya dhahabu. Mmoja ulikuwa sawasawa. Mwingine ulikuwa umepungukiwa karibu gramu 20, na huo ndio uliokuwa kiunoni mwa mjomba.

Kilichobaki kilikuwa kifaa cha kurusha ishara ya dharura. Kilikuwa cha rangi ya njano, kikubwa kama chupa ya maji ya lita moja, na kilining'inia kwenye ukuta wa kibanda cha nahodha ndani ya kishikizo chake, na chini yake mjomba alikuwa ameandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu, REDIO YA DHARURA. Msaidizi wake alikiita redio ya kufa na kupona. Kila mwanzo wa mwezi mjomba alibonyeza kitufe cha majaribio, taa ndogo ikawaka, akaridhika. Lakini betri yake ilikuwa imepitwa na tarehe kwa zaidi ya miaka mitatu, na taa kama ile huweza kuwaka kwa betri ambayo haina nguvu ya kurusha ishara hata kwa saa moja.

Ninavyoamini mimi, betri ya kifaa kinachotegemewa kuokoa roho ibadilishwe na kituo kilichoidhinishwa na kiwanda, kama kituo hicho kinafikika. Kwetu hakikuwapo. Nilichoweza kufanya ni kuifanya kazi hiyo kwa uangalifu wote nilionao, na seli za lithiamu za aina ileile niliziagiza Nairobi, zikachukua majuma matatu kufika. Nilifungua skrubu sita za kifuniko. Mpira wa duara unaozuia maji ulikuwa umekauka upande mmoja na kuacha ufa mwembamba kama unywele, nikatafuta mwingine wa kipimo kilekile, nikausafisha mfereji wake kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, nikaupaka grisi ya silikoni kidogo sana, kiasi cha kuufanya ung'ae tu. Seli nilizichomelea kwa masikio yake na si kwenye mwili wake, kwa sababu lithiamu ikipata joto kali huweza kulipuka. Skrubu nilizikaza kwa kupishana, moja huku na nyingine upande wa pili, ili kifuniko kikae sawa. Kisha nikakizamisha kifaa chote kwenye beseni la maji ya uvuguvugu nikakaa nacho nikihesabu dakika, maana hewa iliyo ndani ikipashwa joto hutanuka, na kama kuna tundu lolote utaona mapovu. Halikutoka hata povu moja.

Jaribio la mwisho lilikuwa la sauti. Kifaa kile kilirusha kwenye masafa ya megahezi 121.5, ambayo ndiyo masafa ya dharura ya ndege, na kwa desturi kilijaribiwa katika dakika tano za kwanza za saa tu, tena kwa sekunde moja hivi, ili mtu asije akadhaniwa yumo hatarini. Nilikuwa na redio ndogo inayopokea masafa ya ndege. Saa nne kamili asubuhi niliiweka juu ya pipa la mafuta, mjomba akawasha na kuzima. Tulisikia ule mlio wake unaoanza juu na kuteremka, unaanza tena juu na kuteremka, kama king'ora kinachoishiwa pumzi. Mjomba alishusha pumzi, akanishika bega. “Asante mjomba,” aliniambia, “sasa hata usiku naweza kwenda.”

Jioni ile nilirudi mjini, nikaingia kwenye duka la intaneti ili nimwandikie mwenye kunipatia zile seli kwamba kazi imekwenda vizuri, na kwa kuwa nilikuwa nimelipia saa nzima, nikaanza kusoma habari za mtambo wa setilaiti unaosikiliza vifaa vya namna hiyo, unaoitwa Cospas-Sarsat. Nilisoma jinsi mwezi Septemba 1982 setilaiti yake ya kwanza ilivyosikia mlio wa masafa hayohayo kutoka kwenye ndege ndogo iliyoanguka Kanada, na watu watatu wakaokolewa. Nilisoma kwamba ishara ile haikubeba jina wala namba, ilikuwa mlio mtupu, na kwamba kengele nyingi zilizosikika zilikuwa za uongo. Setilaiti haikuweza hata kuihifadhi; ilibidi ikione kifaa na kituo cha ardhini kwa wakati mmoja. Ndipo nikakutana na sentensi iliyonifanya niisogelee kompyuta kama mtu asiyeona vizuri: kuanzia tarehe 1 Februari 2009, setilaiti ziliacha kabisa kusikiliza masafa ya 121.5, na kilichobaki kusikilizwa ni vifaa vya masafa ya 406, ambavyo kila kimoja hutaja nchi yake na namba yake chenyewe.

Kile nilichokitengeneza kwa mwezi mzima kilikuwa kizima, na hakuna setilaiti iliyokuwa ikikisikiliza. Ndege zilizopita juu, kama marubani wake walikuwa wamefungulia masafa hayo, ndizo pekee zingeweza kukisikia kutoka angani. Usiku, katikati ya ziwa, dhoruba ikiwa imefunga anga, huwezi kutegemea ndege kupita.

Sikulala vizuri. Nilijiuliza kama nimwambie kesho yake au nisubiri mpaka awe amepata fedha, kwa maana kifaa cha masafa ya 406 kilikuwa kinakaribia bei ya injini ndogo iliyotumika, naye alikuwa ametoka kununua majaketi matano na mtungi. Lakini nilikumbuka alivyosema kuhusu kwenda usiku. Alfajiri nilikuwa kwenye gari la kwanza la Kayenze.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Mbona mapema hivi?”

Nilimweleza yote tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa boti, bila kuficha kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuuliza kabla ya kuagiza seli. Hakunikatiza. Nilipomaliza alitaka kujua tarehe, nikairudia. Akahesabu kwa vidole, polepole, kuanzia Februari ya mwaka uliopita mpaka Agosti ile.

“Miezi kumi na minane,” alisema. “Wale walimu waliponiuliza kama boti ina usalama, niliwaonyesha hii. Yule muuguzi aliyekuwa akiogopa maji, nilimwonyesha hii.”

Nilimwambia kwamba kifaa bado kinaweza kusaidia mchana, ndege zikipita, na kwamba hakuna haja ya kukitupa. Alikubali, akasema kitakaa ndani ya sanduku la vifaa na yeye mwenyewe atajua kazi yake ni ipi. Kuhusu safari za usiku alisema hazitakuwapo mpaka apate kile kingine, kipya kutoka dukani, chenye namba ya Tanzania na simu yake mwenyewe kwenye usajili. Alikipata baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa, na katika muda huo wote hakuvuka kwenda kisiwa chochote jua likiwa limezama, ingawa walikuwapo wenye boti waliochukua abiria wake.

Asubuhi ile, kabla hata hatujanywa chai, aliniomba kisu changu cha kuchuna waya. Aliingia kwenye kibanda cha nahodha, akakitoa kifaa kwenye kishikizo chake, akanipa nikishike, kisha akapiga goti akaanza kukwangua yale maandishi mekundu ukutani, herufi moja baada ya nyingine, mpaka fibaglasi nyeupe ikaonekana.