Usingoje, au usiningoje?

Pakiti za kadi za wachezaji wa besiboli ziko juu ya friji. Leo siku ya tano, sijachana hata moja.

Mnaonijua mtaelewa uzito wake. Kila Februari, Topps, watengenezaji wa kadi hizo, wanapotoa toleo la kwanza la mwaka, usingizi hunipaa. Siku nimekuwa nikizihesabu tangu Novemba, ligi ilipofungwa na mti wa nyuma ya nyumba ukabaki fito tupu. Seti ina kadi 350, na kila mwaka nataka kuikamilisha kwa mkono, pakiti kwa pakiti, si kuinunua nzima imeshapangwa. Mpangaji ni Zuhura. Mimi nachana, yeye anazitandaza kwa namba sakafuni, kuanzia mlango wa jikoni hadi miguu ya kochi. Za Pirates, timu yetu ya hapa Pittsburgh, zina mkeka wao peke yao, ule mdogo wa ukindu ambao bibi yake aliutuma kutoka Tanga. Tumefanya hivyo tangu ana miaka 5. Sasa ana 14.

Jumatatu nilitoka zamu, nikapitia lile duka linalofunguliwa alfajiri, nikafika nyumbani kabla hajaenda shule. Nikamkuta kwenye ngazi. Soksi moja mguuni, nyingine ameibana kwa meno, maana mikono yote miwili ilikuwa nyuma ya kichwa inafunga nywele.

"Zuhura, zimetoka."

"Kweli? Fungua tu, baba. Usingoje."

Au alisema: "Usiningoje."

Hapo ndipo niliponasa, na wiki nzima sijanasuka. Hita ilikuwa inanguruma (ndiyo ilikuwa inakata roho, ila hatukujua), soksi iko mdomoni, na yeye kwa asili humeza silabi kama watoto wote waliokulia huku. Akavaa, akachukua begi, akanibusu shavuni, mlango ukafungwa. Nikabaki nimesimama na mfuko wa dukani mkononi, theluji inayeyuka kwenye viatu vyangu.

"Usingoje" ni neno la mtoto anayemfahamu baba yake. Anajua miezi mitatu yote nimekuwa nikipita mbele ya kalenda na kuiangalia kama mtu anayedai. Ananionea huruma: fungua, jipoze roho, mimi nitapanga nikirudi.

"Usiningoje" ni jingine. Ndilo neno analoacha mtu anayetoka. Msiningoje kula, nitachelewa. Kwetu ukisema hivyo, sahani yako haiwekewi kawa.

Silabi moja. Wiki hii mama Zuhura ameapa uraia, hita imekufa tukalala siku mbili na makoti, kazini nimehamishiwa zamu ya jioni, na kichwani mwangu kuna silabi moja tu inayozunguka. Nimejaribu kuitamka mwenyewe nikiwa nimebana soksi kwa meno. Kweli nimefanya hivyo, bafuni, mlango nimeufunga. Yote mawili yanatoka sawa.

Nikamuuliza mama Zuhura. Akasema, "Baba Zuhura, si umuulize mwenyewe?" Siwezi. Nikimuuliza, atajua nimeumia, na mtoto wa kike wa miaka 14 akijua baba yake ameumia atakuja kukaa sakafuni kwa ajili ya kunifurahisha. Sitaki aje kwa huruma. Nataka aje kwa sababu anataka kuona kadi gani imetoka.

Kungoja kwenyewe nakuweza. Mimi mtoto wa Tanga. Ubingwa wa Coastal Union wa 1988 nimeusikia kwa marehemu baba mara nyingi hadi naukumbuka kana kwamba nilikuwepo. Nikahama, nikaja Pittsburgh, nikaipenda timu ambayo mara yake ya mwisho kutwaa ubingwa ni 1979. Besiboli niliipata kwenye redio, kule chumba cha kufulia mashuka, mwaka wa kwanza. Yule mzee niliyekuwa nakunja naye ndiye aliyenifundisha, shuka kwa shuka. Huyu mrushaji, huyu mdakaji, huyu amefika kituo cha kwanza, subiri uone. Nilichokipenda ni kwamba hakuna dakika 90. Mchezo unakwisha wapigaji wakishatolewa, si saa ikifika. Siku hizi mrushaji amewekewa saa yake, tangu 2023, lakini timu iliyo nyuma bado haiwezi kushindwa kwa sababu muda umekwisha. Lazima itolewe mtu wa mwisho.

Na Zuhura aliingia kwenye mambo haya usiku mmoja ninaoujua kwa tarehe. Tarehe 26 Aprili 2017, Jumatano. Nilikuwa mapumziko, redio iko mezani, yeye yuko mapajani anapigana na usingizi. Pirates wanacheza na Chicago Cubs, mabingwa wa mwaka uliotangulia. Katikati ya mchezo wanamwingiza Gift Ngoepe, kijana wa Afrika Kusini, mtu wa kwanza aliyezaliwa barani Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa klabu ya besiboli huko Randburg, na familia ilikaa chumba kimoja palepale klabuni. Uwanja ndio uliokuwa ua wao. Pirates walimsajili 2008. Hesabu miaka aliyosota ligi za chini, mabasi na mabasi, hadi usiku ule. Anasimama kupiga mara ya kwanza, mbele yake Jon Lester, mkono wa kushoto, mrushaji ambaye watu wanamwogopa. Akaupiga mpira ukapita katikati, akafika kituo cha kwanza.

Nilipiga ukelele Zuhura akashtuka akalia. Nikambeba nikazunguka naye sebuleni. "Mwenzetu amefika! Mwenzetu amefika!" Naye machozi yapo na kicheko kipo, akauliza, "Amefika wapi?"

Kadi ya Ngoepe ndiyo ya kwanza kuingia kwenye faili letu. Haina bei ya kutaja. Kazini wananiambia nitafute kama ile ya Paul Skenes, mrushaji wa Pirates, ile yenye kipande cha nembo ya jezi na sahihi yake, ambayo mtoto wa miaka 11 wa Los Angeles aliitoa kwenye pakiti ikaja kuuzwa dola milioni 1.11 mwaka 2025. Namwombea heri yule mtoto. Lakini nyumba ikishika moto, nikishawatoa watu, nitarudi kwa Ngoepe.

Basi jana, Alhamisi, usiku, nilikuwa natafuta karatasi za dhamana ya hita. Nikafungua kabati la chini, na faili la kwanza likaanguka. Nikaliokota, nikakaa nalo palepale sakafuni. Kurasa za plastiki zimegeuka njano kidogo pembeni. Ngoepe yuko kwenye mfuko wake, ukurasa wa mwanzo. Nilipoinamisha faili, nyuma ya kadi pakateleza kitu, karatasi imekunjwa mara nne. Penseli, herufi kubwa, moja imeandikwa kinyume:

BABA NGOJA MIMI

Nikakumbuka. Ulikuwa mwaka niliokuwa nikirudi usiku na kuchana pakiti peke yangu, kwa pupa, yeye akiamka asubuhi anakuta makaratasi tu. Alikuwa na miaka 6 au 7. Kiswahili chake wakati ule kilikuwa hivyo, "beba mimi", "ona mimi", "ngoja mimi". Nilikuwa namrekebisha kila siku kwenye gari, kwenye foleni ya daraja, popote. Si beba mimi, mama, ni nibebe. Si ngoja mimi. Ningoje. Anarudia: ningoje, ningoje, ningoje, mpaka ikawa wimbo wa kupandia ngazi.

Ile "ni" nilimpa mimi.

Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Kilichokuwa kimenibana kifuani tangu Jumatatu kikalegea, nikajikuta natabasamu na kabati. Kama alisema usingoje, amenihurumia. Kama alisema usiningoje, basi amelitamka kwa usahihi, huku ana soksi mdomoni, saa moja na nusu asubuhi, ugenini. Nikakikunja kikaratasi kwa mikunjo yake ileile, nikakirudisha nyuma ya Ngoepe.

Tangu hapo msimu umenirudia mwilini. Wachezaji wako Bradenton, Florida, wanapasha misuli juani, na mimi asubuhi nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari nikiwa nawaza Skenes ataanzaje mwaka. Amechukua tuzo ya Cy Young ya 2025, ile ya mrushaji bora wa ligi, kura zote, akiwa ndiyo kwanza na miaka 23. Mwisho wa Machi, jamani! Mechi 162, nusu yake hapa hapa kwetu. Nataka kuvuka lile daraja la njano la Roberto Clemente, nyota wetu wa zamani, kwa miguu, mto chini, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, niende nikae upande wa kulia ambako ukuta una futi 21 kwa heshima ya namba ya jezi ya Clemente. Mapigo yake 3,000 kamili, halafu ile ndege iliyoanguka mkesha wa mwaka mpya, Desemba 1972, amebeba msaada wa watu wa tetemeko Nikaragua. Zuhura alipokuwa mdogo aliniuliza kwa nini hakuongeza hata moja baada ya 3,000. Nikamwambia hakurudi. Akaushika ukuta kwa kiganja mpaka tukaitwa tuondoke.

Kesho Jumamosi, hakuna shule. Sitamwita. Nimetandika mkeka wa ukindu mahali pake, karibu na kochi, na pakiti nimezishusha kutoka juu ya friji nikaziweka mezani ambapo mtu anayeshuka kula lazima azione. Ndugu yake mdogo ameshaulizia mara mbili kama anaweza kuchana moja. Nimemwambia bado.

Wakati naandika haya, mama amepiga kutoka Tanga. Masika inakaribia na jiko lake la uani bado liko wazi upande mmoja. Fundi alichukua pesa ya mabati tangu Januari, akaleta sita tu, na sasa simu yake inaita bila kupokelewa. Mama anasema nisihangaike, atatundika turubai. Namfahamu, atapanda mwenyewe kwenye kigoda. Nimempigia fundi mara nne tangu saa kumi na mbili jioni ya kule, na kule sasa ni usiku wa manane.