Dania iliyozeeka getini kwangu Buruburu

Kwa watu wa kwetu Lushoto, ughaibuni ni kule kunakofikiwa kwa ndege. Nairobi hawaihesabu. Unapanda basi, unagongewa muhuri Namanga, umefika, sasa ughaibuni uko wapi? Haya. Lakini mgeni ni mgeni hata akitoka nyumba ya jirani, na ugeni wangu mimi ulijulikana mbele ya nyumba, kwenye kile kipande cha uwanja kati ya mlango na geti.

Buruburu ilianza kujengwa miaka ya 1970, na nyumba nyingi zilipewa uwanja huo. Wengi wameugeuza maegesho ya gari, wengine wamejenga duka au chumba cha kupangisha, na waliobaki wana nyasi na bogonvilia. Mimi nimekulia kwenye matuta ya kabichi mlimani Usambara. Nikaweka sukuma wiki, managu (kwetu mnavu), mchicha, nyanya chache na maharage. Shosho, yaani bibi, wa nyumba ya pili akasimama getini, akatazama kwa utulivu, akasema, "Mama Bongo, mboga hukaa nyuma. Mbele ni maua."

Nyuma hakuna jua, kuna kamba za nguo na tangi la maji. Kwa hiyo nikampa Shosho maua yake, nikayachomeka katikati ya mboga, na hapo ndipo habari yenyewe ilipoanza.

Kwanza udongo, niumalize haraka. Wetu ni ule mweusi: mvua ikinyesha unang'ang'ania viatu, jua likiwaka unapasuka hadi kidole kinazama. Dawa yake ni kuinua matuta ili maji yasituame, na samadi, tena samadi. Maji huja kwa zamu, basi maji ya kusuuzia nguo hayamwagwi.

Sasa maua. Ukiuliza kwenye vitalu vya miche kando ya Ngong Road, utaambiwa panda marigoldi, wadudu wote watakimbia harufu. Ningependa iwe hivyo. Marigoldi ina kazi moja kubwa inayojulikana vizuri, na kazi hiyo iko chini ya ardhi: mizizi yake inatoa kemikali inayoua minyoo fundo, wale wanaoijaza mizizi ya nyanya vinundu mpaka mmea unanyauka mchana hata kama umemwagiliwa. Lakini mche mmoja pembeni ya nyanya hausaidii kitu. Inatakiwa uijaze tuta zima, isongamane, ikae miezi miwili au zaidi, ndipo uing'oe na kupanda nyanya papo hapo. Ni zamu ya shamba, si pambo la kando.

Halafu angalia unanunua ipi. Yale maua makubwa yaliyojaa petali kama pompomu yanapendeza machoni, ila mdudu hawezi kuifikia asali yake. Mimi huchagua yale ya petali mstari mmoja, ambayo muuzaji huwa ameyasukuma nyuma kwa sababu hayana wateja. Na bei hushuka.

Anayenifanyia kazi kuliko wote hata hauzwi kama ua. Ni dania (kwetu giligilani). Nairobi dania hukatwa changa, inatiwa kwenye kachumbari, basi. Mimi naachia mistari miwili izeeke, irefuke, itoe vile vimwavuli vya maua meupe madogomadogo. Maua hayo yako wazi, mdudu mwenye mdomo mfupi anakunywa bila taabu. Simama hapo asubuhi jua likishapanda, utamwona nzi mwembamba mwenye mistari ya njano na nyeusi, ukidhani ni nyigu, anaelea hewani pale pale bila kusogea. Huyo anakuja kwa asali, kisha anakwenda kutaga kwenye sukuma penye vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Funza wake hana miguu wala macho, anajikokota tu juu ya jani, na vidukari wanapungua nyuma yake.

Januari na Februari, ukame ukikaza, vidukari wa kijivu wenye unga hujaa kwenye moyo wa sukuma. Kabla hujanyanyua dawa, geuza jani. Ukikuta kati yao kuna waliovimba, rangi ya kahawia, wakavu kama karatasi, na wengine wana kitundu cha duara mgongoni, jua kwamba nyigu mdogo sana ameshapita. Alitaga ndani ya kidukari, mtoto akamla akiwa ndani, akatoboa, akatoka. Ukipuliza sumu wakati huo unamuua askari wako. Mimi nakata jani lililozidiwa, mengine nayaosha kwa maji ya sabuni kidogo, nasubiri. Na sisimizi nawapiga vita, maana wao hukamua utamu wa vidukari na kuwalinda wasiliwe.

Nastashamu nimeipanda upande wa maharage makusudi. Ni ua la asili ya Amerika Kusini, linatambaa, rangi ya chungwa, na majani yake yanaliwa; ni makali kidogo. Vidukari weusi wa maharage wanalipenda, wanalijaa shina zima. Nalikata shina hilo nalizamisha kwenye ndoo ya sabuni. Usilitegemee kwa wale wa kijivu wa sukuma, hao hawana habari nalo.

Mtu wa Njombe au Iringa atauliza, na pareto je? Hata Kenya ilivuma miaka mingi kwa zao hilo. Ila pareto iliyosimama bustanini haifukuzi kitu cha maana. Sumu yake imo kwenye vichwa vya maua, lazima vikaushwe na kusagwa, na ikishapulizwa haichagui, nyuki naye anakufa. Nimeiacha huko huko shambani.

Wanaotaka kuona mimea ikipangwa ifanye kazi kwa hesabu, hapa hapa Nairobi, Kasarani, kuna kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo. Makao yake yanaitwa Duduville, jina ninalolipenda mno. Wao na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, ndio waliotengeneza ule mfumo wa mahindi: desmodiamu, mmea wa jamii ya maharage, katikati ya mistari inamfukuza nondo wa kiwavi cha shina, na matete ya mifugo pembeni yanamvuta akatage huko. Desmodiamu hiyo hiyo inazuia gugu la kiduha. Mmea mmoja unafukuza, mwingine unaita. Uwanja wangu hautoshi mahindi, lakini wazo limenikaa.

Dada yangu alitaka kunitumia mbegu za mchicha wa nyumbani kwa basi. Nikamkataza. Mbegu na miche havivuki mpaka hivyo hivyo, panatakiwa kibali na cheti cha ukaguzi, na KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, hawana mzaha. Nikanunua dukani, pakiti yenye ile stika ya kukwaruza na kutuma namba kwa ujumbe wa simu kuhakiki.

Shosho bado ananisumbua kuhusu dania. "Hii imezeeka, mbona hung'oi? Watu watasema wewe ni mvivu." Namwambia iko kazini. Mama mboga wa kibanda cha kona yeye hajali maua, anakuja kwa managu jioni, anachagua mwenyewe, anaondoka na fungu, na siku nyingine ananikatia sukuma yangu mwenyewe nyembamba kama nywele, bure, huku akinisuta kwamba kisu changu ni cha kukatia mihogo.

Vuli ikianza Oktoba, tuta la getini naling'oa nyanya zote, naweka marigoldi tupu. Shosho amefurahi kusikia maua matupu, halafu akashtuka: sasa nyanya atakuwa anaomba wapi?