Ejo

Huu ni mwezi wa sita niko Musanze, kaskazini mwa Rwanda, na juzi ndiyo mara ya kwanza nimelala bila soksi. Kwa mtu aliyekulia Muheza, kwenye joto la michungwa na minazi, hilo si jambo dogo. Mji umekaa chini ya milima ya volkano. Asubuhi mawingu yakipanda unaiona Muhabura imesimama peke yake, na siku ikitakata sana unaiona mpaka Karisimbi, mita 4,507. Mashamba yamezungushiwa kuta za mawe meusi ya volkano, ndani yake viazi mpaka macho yachoke.

Shangazi yangu aliponiaga aliniuliza swali ambalo wengi mmeniandikia pia: Mtanzania anakwenda kujitolea kufundisha Kiingereza, hicho Kiingereza chenyewe alikipata wapi? Nilikipata kidato cha kwanza, shangazi, kwa machozi. Miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, halafu Januari moja mwalimu wa baiolojia akaingia na kuanza kuongea, nami sikufungua mdomo muhula mzima. Nilikuwa najua majibu, ila sikuwa na maneno ya kuyasemea. Hicho ndicho nilichokibeba kuja nacho huku, kuliko hata cheti.

Safari sitaieleza sana. Basi, Kahama, kisha Rusumo, ambako unavuka daraja la mto Kagera na ghafla magari yote yanapita upande wa kulia, na saa unairudisha nyuma kwa saa moja.

Kilichonipokea ni lugha yao, Kinyarwanda. Siku ya kwanza kituoni nilimsikia kijana anasema "saa mbiri", nikageuka kama niliyeitwa jina. Wanahesabu saa kama sisi! Maji ni amazi, nyama ni inyama, meza ni ameza, shule ni ishuri. Mama mwenye nyumba aliponiwekea sahani ya impungure nilitaka kulia, maana ni makande, makande kabisa. Maziwa ya mgando, ikivuguto, nayanywa kila Jumapili baada ya misa. Na sokoni bibi anayeniuzia viazi ananijibu kwa Kiswahili chake cha zamani, taratibu, akitafuta maneno. Kiswahili ni lugha rasmi huku tangu 2017, ila yeye hakukisubiri kiwe rasmi.

Kwa hiyo wiki za mwanzo nilijiona nimefika nyumbani. Darasani ndiko nilikogundua kuwa bado.

Nina watoto 52 wa darasa la tano. Ukiingia wanasimama wote, wanakusalimu kwa Kiingereza kwa sauti moja inayotikisa bati. Ukiuliza "mmeelewa?" wanaitikia kwa pamoja kwamba ndiyo. Ukimtaja mmoja kwa jina, kimya. Anasimama, anatazama dawati, mikono nyuma. Nakijua kimya kile. Nilikaa ndani yake muhula mzima.

Lakini kukijua hakukunizuia kukosea. Niliwapa kazi ya kuandika sentensi tano kuhusu nyumbani kwao, na binti mmoja wa dawati la nyuma akaandika: "Tomorrow I went to the market with my mother." Yaani, kesho nilikwenda sokoni na mama. Nikapiga alama nyekundu ya kosa. Nikageuza daftari la pili, kosa lile lile. La tatu, "yesterday I will go", jana nitakwenda. Kufika la kumi na nne nilikuwa nimeshakasirika, nikajiambia hawa watoto hawasikilizi.

Aliyeniokoa ni mwalimu mwenzangu, mama wa miaka hamsini na kitu. Yeye alisoma na kufundisha kwa Kifaransa mpaka 2008, serikali ilipoamua kufundisha kuhamie Kiingereza, akaanza upya akiwa mtu mzima mwenye watoto. Jioni tunakaa pamoja, mimi namsaidia Kiingereza, yeye ananifundisha Kinyarwanda. Alilitazama lile daftari, akanyamaza kidogo, akaniambia: "Mwarimu, kwetu jana ni ejo. Na kesho ni ejo."

Neno moja! Ejo nagiye, nilikwenda jana. Ejo nzajya, nitakwenda kesho. Kitenzi ndicho kinachobeba wakati, na anayetaka kufafanua zaidi ataongeza: ejo hashize, iliyopita, au ejo hazaza, ijayo. Watoto wangu walikuwa hawajachanganyikiwa hata kidogo. Walikuwa wanafikiri sawasawa, kwa lugha yao, na mimi nikawakata kwa wino mwekundu kwa kuwa na neno hilo akilini.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake niliwaomba radhi darasa zima, kwa Kinyarwanda changu kibovu, nikachora barabara ubaoni: ejo hashize kushoto, ejo hazaza kulia, mtoto katikati. Nikawaambia kila mmoja amweleze jirani yake kwa Kinyarwanda alichofanya na atakachofanya, ndipo tutafute Kiingereza chake. Darasa likalipuka kwa maneno. Sikujua wana sauti nyingi namna ile, kila mmoja na yake.

Wapo wanaoamini kuwa mtoto akiongea lugha ya mama yake darasani anapoteza muda. Tumebishana na mmoja wao kwa heshima, mara mbili sasa, na sitaacha. Sioni mtoto atajengaje lugha ya pili juu ya ile ya kwanza iliyozibwa mdomo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulikuwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, tunazibua mtaro. Yule binti wa dawati la nyuma alipita na mama yake, ndoo kichwani. Akasimama, akaniambia kwa Kiingereza kuwa jana walikwenda sokoni. Neno lilikuwa jana. Kitenzi kilikuwa jana. Mama yake hakuelewa, lakini aliniangalia akacheka kwa furaha, akasema, "Komera, mwarimu." Yaani, kaza moyo, mwalimu.

Sasa nakata kadi kutoka kwenye boksi la sabuni, jana upande mmoja, kesho upande wa pili. Darasa la nne wanaanza Jumatatu, na bado sijapata kalamu nene.