Ushindi wa Capablanca ulianzia c4, si b2

Wacheza drafti wa baraza za Ngamiani hapa Tanga wanaijua ladha ya kumlisha mtu kete moja kisha ukamfagia. Anayetoka kwenye drafti kuja sataranji aanze na mchezo wa mabingwa wawili, Bernstein na Capablanca, Moscow 1914. (Kila nyumba ina herufi ya safu wima, a hadi h, na namba ya mstari, 1 hadi 8, ikihesabiwa kutoka upande wa mweupe.) Capablanca, mwenye kete nyeusi, alijikinga kwa njia ya kale, Gambiti ya Malkia Iliyokataliwa (mweupe anatoa askari, mweusi hamli): askari d5 na e6, farasi f6, askofu e7, mfalme akafichwa mapema pembeni, kando ya ngome.

Wengi hukimbilia hatua ya 29, malkia mweusi alipotua b2. Itazameni kwanza ya 15. Capablanca ana askari wawili bega kwa bega, c5 na d5, naye anamsukuma wa c hadi c4. Ukitazama juu juu ni kosa: wa d5 anabaki nyuma bila askari wa kumlinda, na farasi mweupe anapata makao mazuri d4. Lakini Bernstein alipopeleka b3 kisha akala c4, askari wa d5 alilipiza papo hapo. Udhaifu ukatoweka, akabaki askari wa c asiye na askari adui wa kumzuia. Hatua ya 22 alishatua c3.

Huyo ndiye chambo. Hatua ya 27 Bernstein alimla kwa farasi, wakalana hapo hapo c3, na ngome yake iliyokuwa c1 ikalazimika kupanda c3. Ilikuwa ndiyo mlinzi wa mstari wa kwanza. Mfalme wake yuko g1, askari f2, g2 na h2 hawajasogea, hana pa kutorokea. Malkia mweusi akaenda b2, Bernstein akasalimu.

Katika drafti kula ni lazima. Hapa si lazima, ila kila njia ni msiba. Malkia wa e2 akila b2, ngome nyeusi inashuka d1 na mchezo umekwisha. Akirudi e1, ngome ya c3 inaliwa. Ngome ikirudi c2, malkia mweusi anatishia mfalme kutoka b1, mweupe anaziba f1 kwa malkia, ngome inaliwa c2.

Tena, kuwahi b1 badala ya b2 kungeharibu kila kitu. Mweupe anaziba f1. Ukishusha ngome d1 kwa pupa, ngome yake inapanda c8, na mfalme wako mwenyewe, naye hana tundu, ndiye anayenaswa.